Mzaliwa wa Kenya aliyeifungia Kongresi njia ya mkato

Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya wakati wa ukoloni, katika jamii ya Wahindi. Mwaka 1966 aliingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, akiwa na pasipoti ya Uingereza, akaenda kusoma chuo kikuu katika jimbo la Ohio. Viza yake ilikwisha tarehe 30 Juni 1972, na kufikia hapo hakuwa na nchi iliyo tayari kumpokea.

Kenya haikumhesabu kuwa raia wake. Kwa mujibu wa katiba ya uhuru, aliyezaliwa nchini humo alipata uraia moja kwa moja ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Waliobaki walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, waombe kuandikishwa. Uingereza nayo, iliyotoa zile pasipoti, ilitunga sheria mwaka 1968 iliyowafanya Waasia wa Afrika Mashariki wapange foleni kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye nchi ambayo pasipoti zao ziliitaja. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, na Uingereza ikazidi kuelemewa. Chadha akabaki Marekani bila kibali.

Ukitaka kuelewa namna serikali ya Marekani ilivyojengwa, unaweza kuanza na maneno mazito ya utangulizi wa Katiba yao, au na wasifu wa George Washington. Mimi naona jalada la uhamiaji la kijana huyu linafundisha zaidi.

Sheria ya uhamiaji ya wakati huo ilikuwa na mlango wa huruma. Mgeni aliyekaa Marekani miaka saba mfululizo, mwenye mwenendo mwema, na ambaye kufukuzwa kungemletea taabu ya kupindukia, aliweza kuomba amri ya kumwondoa isimamishwe. Tarehe 25 Juni 1974 jaji wa uhamiaji alimsikiliza Chadha, akaridhika, akaisimamisha. (Jaji wa uhamiaji, licha ya cheo chake, hayumo katika mhimili wa mahakama. Ni mtumishi wa serikali, chini ya Mwanasheria Mkuu, yaani upande wa Rais.) Kwa kawaida hadithi ingeishia hapo: kijana apewe ukaazi, atafute kazi.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na mkia. Kila jina lililosamehewa lilipelekwa Kongresi, ambayo ndiyo Bunge la Marekani, na kifungu cha 244(c)(2) kiliruhusu baraza lolote kati ya mawili, Baraza la Wawakilishi au Seneti, kupitisha azimio la kutengua msamaha huo. Baraza moja lilitosha.

Mwaka na nusu ukapita. Muda wa kutengua ulikuwa ukiyoyoma pale, tarehe 12 Desemba 1975, Joshua Eilberg, mwenyekiti wa kamati ndogo ya uhamiaji katika Baraza la Wawakilishi, alipowasilisha azimio dhidi ya watu sita. Siku nne baadaye likafika ukumbini. Lilikuwa halijachapishwa, kwa hiyo wabunge hawakuwa na karatasi ya kusoma. Eilberg aliwaeleza kwamba kamati imepitia majalada 340, na inaona hao sita hawakutimiza masharti, hasa lile la taabu. Hakuna aliyejadili. Kura za majina hazikupigwa. Azimio likapita. Seneti haikuulizwa, Rais hakuulizwa, na Chadha, ambaye jaji alikaa naye na kumsikiliza, akarudishwa kwenye orodha ya watu wa kuondolewa na chumba cha watu wasiomjua.

Kuona kasoro ya kikatiba hapa kunahitaji kusoma Ibara ya kwanza ya Katiba ya Marekani, kifungu cha 7, ambacho si cha kusisimua hata kidogo. Kinaeleza safari ya muswada. Lazima upitishwe na Baraza la Wawakilishi, lazima upitishwe na Seneti kwa maneno yaleyale, kisha uende kwa Rais. Rais ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akitia saini, ni sheria. Akiukataa, yaani akipiga kura ya turufu, anaurudisha pamoja na sababu zake kwenye baraza ulikoanzia, na mabaraza yote mawili yanaweza kumshinda kwa theluthi mbili ya kura. Akinyamaza hadi siku zikaisha, muswada unakuwa sheria bila saini yake, isipokuwa kama Kongresi imefunga vikao na hana pa kuurudisha, ambapo muswada hufa.

Msomaji wa Tanzania ataona tofauti. Ibara ya 97 ya Katiba yetu inasema Bunge likimrudishia Rais muswada kwa theluthi mbili, yeye ama aukubali ama alivunje Bunge. Rais wa Marekani hana uwezo wa kuivunja Kongresi, wala kuwa na mawaziri ambao bado ni wabunge wake: Katiba inakataza mtu mmoja kukaa pande zote mbili. Akishindwa kwa theluthi mbili, ameshindwa, na kesho yake anaamka na Kongresi ileile.

Safari hii ndefu haikutokana na bahati mbaya. Wajumbe 55 waliokutana Philadelphia kati ya Mei na Septemba 1787 walikuwa wakiikimbia serikali ya shirikisho isiyo na nguvu, yenye bunge la chumba kimoja lisiloweza kutoza kodi, na ambayo mkataba wake haukuweza kubadilishwa bila ridhaa ya majimbo yote 13. Walitaka serikali kuu iweze kufanya kazi. Lakini hofu yao ya pili ilikuwa bunge lenyewe. Baada ya uhuru, mabunge ya baadhi ya majimbo yalikuwa yakitunga sheria kwa haraka, yakifuta madeni, yakiingilia kesi zilizokwisha kuamuliwa na mahakama. Mwaka 1788 James Madison, akiitetea Katiba hiyo mpya magazetini, alieleza kwamba katika jamhuri mhimili unaoelekea kuimeza mingine ni bunge, na dawa yake ni kuligawa mara mbili, sehemu zake zichaguliwe kwa njia tofauti.

Mgawanyo huo haukutoka kwenye falsafa peke yake. Majimbo makubwa yalitaka viti vilingane na idadi ya watu, madogo yakakataa, na karibu mkutano uvunjike. Wakamaliza kwa kupatana: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, Seneti iwe na viti viwili kwa kila jimbo. Ndiyo sababu leo Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina maseneta wawili sawa na California yenye watu wapatao milioni 39. Na katika kuhesabu watu, majimbo ya Kusini yalikubaliwa kuongeza watumwa watatu kwa kila watano waliokuwa nao. Watumwa hao hawakupiga kura; walimwongezea viti aliyewamiliki. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaoizungumzia Katiba ya 1787 kana kwamba ilishushwa. Ilijadiliwa kama bei, na sehemu ya malipo walitozwa watu ambao hawakuwemo chumbani. Marekebisho ya 13, ya 14 na ya 15, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, yalikuja kufuta sehemu hiyo ya mapatano. Safari ya muswada yenyewe haikuguswa.

Katiba inayo mambo ambayo baraza moja linaweza kuyafanya peke yake, na yametajwa. Baraza la Wawakilishi peke yake ndilo linaloweza kumshtaki Rais, jaji au kiongozi mwingine ili aondolewe madarakani. Seneti peke yake ndiyo inayosikiliza shtaka hilo. Seneti peke yake huidhinisha majaji, mawaziri na mabalozi walioteuliwa na Rais. Seneti peke yake huridhia mikataba ya kimataifa. Ni manne hayo. Kumtengulia mwanafunzi wa zamani wa Ohio kibali chake hakumo.

Kabla ya kufika hukumuni kuna swali la kujibu: nani aliipa Mahakama ya Juu uwezo wa kufuta sheria iliyotungwa na Kongresi na kutiwa saini na Rais? Katiba haisemi popote kwa maneno ya wazi. Jibu lilitoka mwaka 1803, katika kesi ndogo mno. Rais John Adams, akiwa ameshindwa uchaguzi na Thomas Jefferson, alitumia siku zake za mwisho kuwateua wafuasi wake kuwa mahakimu. Barua za uteuzi zilisainiwa na kupigwa muhuri, lakini kadhaa hazikufikishwa kwa wenyewe, ikiwemo ya William Marbury. Serikali mpya ikakataa kuzitoa. Marbury akaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu akiomba Waziri James Madison aamriwe kuitoa.

Jaji Mkuu alikuwa John Marshall. Yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Adams aliyezigonga muhuri barua hizo na kuziacha ofisini. Siku hizi angetakiwa kujitoa kwenye kesi. Tarehe 24 Februari 1803 alisoma hukumu hotelini, kwa kuwa mmoja wa majaji alikuwa mgonjwa na hakuweza kwenda mbali. Alisema Marbury ana haki ya barua yake, na sheria inampa njia ya kuidai. Lakini si katika Mahakama hii, kwani kifungu cha sheria ya 1789 kilichoiruhusu kusikiliza ombi kama hilo kwa mara ya kwanza kilivuka mipaka ya Ibara ya tatu ya Katiba. Sheria ikigongana na Katiba, jaji hana budi kuifuata Katiba. Jefferson hakuwa na cha kukataa, maana alishinda kesi. Mahakama ilikataa mamlaka madogo iliyopewa na Kongresi, na katika kukataa huko ikajichukulia makubwa zaidi. Sijui mwanasheria mjanja kuliko huyo.

Miaka 54 ilipita kabla ya kuifuta tena sheria ya Kongresi, na mara hiyo ya pili ilikuwa hukumu ya Dred Scott ya 1857, iliyosema Waamerika weusi hawawezi kuwa raia. Chombo kilichomlinda Chadha kina historia hiyo pia.

Chadha alipofika mahakama ya rufaa, jambo lisilo la kawaida lilitokea. Idara ya Uhamiaji, iliyokuwa ikitaka kumwondoa, ilikubaliana naye kwamba kifungu kile kinavunja Katiba. Hapakuwa na ajabu ukitazama vizuri: kifungu hicho kilikuwa kamba ya Kongresi shingoni mwa serikali, na serikali iliona nafasi ya kuikata kwa kisu cha mtu mwingine. Mabaraza ya Kongresi ikabidi yalete mawakili wao kujitetea. Moja ya hoja zao ni kwamba kesi imekwisha maana, kwa kuwa mwaka 1980 Chadha alimwoa raia wa Marekani na angeweza kupata ukaazi kwa njia hiyo. Haikukubaliwa. Mahakama ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Anthony Kennedy ambaye baadaye angepanda hadi Mahakama ya Juu, ilimpa Chadha ushindi. Mahakama ya Juu ikasikiliza hoja Februari 1982, ikashindwa kumaliza, ikaziita tena Desemba.

Hukumu ilitoka tarehe 23 Juni 1983, majaji saba dhidi ya wawili. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwa mtindo mkavu, na nadhani ukavu huo ndio nguvu yake. Aliuliza swali moja: azimio la Desemba 1975 lilifanya nini? Lilibadilisha haki za kisheria za watu walio nje ya Kongresi. Kabla ya azimio, Chadha alikuwa na ruhusa ya kukaa. Baada yake, hana. Tendo la namna hiyo ni la kutunga sheria, hata likiitwa azimio, na kutunga sheria kuna njia moja: mabaraza mawili, kisha meza ya Rais. Kwamba utaratibu wa mkato ni rahisi, una manufaa, na umetumiwa miaka mingi, hakuufanyi uwe halali.

Jaji Lewis Powell alikubali matokeo kwa sababu tofauti, ambayo binafsi naiona imegusa kidonda penyewe. Kwake, Baraza la Wawakilishi lilifanya kazi ya mahakama. Lilichukua watu sita kwa majina, likaamua kwamba hawakutimiza masharti ya sheria, bila kuwasikiliza, bila kanuni za ushahidi, bila rufaa. Waandishi wa Katiba waliogopa jambo hilohilo. Walipiga marufuku kabisa Kongresi kumhukumu mtu kwa kutunga sheria dhidi yake.

Njia hiyohiyo ya kutunga sheria inamfunga Rais pia. Aprili 1952, wakati wa vita vya Korea, Harry Truman aliamuru serikali ivichukue viwanda vya chuma ili mgomo wa wafanyakazi usikatize silaha. Hakuwa na sheria ya kumruhusu. Kongresi ilikuwa imelifikiria wazo la kutaifisha viwanda wakati wa migogoro ya kazi mwaka 1947 na kuliacha. Majaji wote tisa waliteuliwa na marais wa chama chake, wanne kati yao na yeye mwenyewe. Juni mwaka huo walimwangusha kwa sita dhidi ya watatu, wakisema Rais hatungi sheria, naye akavirudisha viwanda kwa wenyewe. Mgomo ukaanza na kudumu kwa wiki kadhaa.

Kufikia hapo mambo yanaonekana kunyooka. Jaji Byron White hakuona hivyo, na maoni yake ya kupinga hukumu ya Chadha yanastahili kusomwa pamoja nayo. Alihesabu karibu sheria 200 zenye kifungu cha aina hiyo, akasema Mahakama kwa mkupuo mmoja imegusa sheria nyingi kuliko zote ilizowahi kuzifuta katika historia yake. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua serikali inavyofanya kazi. Katika karne ya 20 Kongresi haikuweza tena kuamua kila kitu yenyewe. Kabla ya 1940, mgeni aliyetaka huruma ya namna ya Chadha alihitaji sheria yake peke yake, yenye jina lake, ipitishwe na mabaraza yote mawili na kusainiwa na Rais. Kongresi ikachoka, ikaukabidhi upande wa Rais mamlaka hayo, lakini ikabakiza uwezo wa kuyarudisha. Ukiuondoa uwezo huo, alisema White, Kongresi inabaki na machaguo mawili mabaya: isigawe mamlaka na kuzama kwenye makaratasi, au iyagawe na isiweze kuyadhibiti.

Mahakama, kwa kweli, ilifanya hilo la pili. Ilikikata kifungu cha kutengua na kuuacha uwezo wa kusamehe mahali ulipo. Jaji William Rehnquist alilalamika kwamba Kongresi isingetoa moja bila jingine.

Matokeo makubwa hayakuja kwenye uhamiaji. Mwaka 1976 Kongresi ilitunga sheria ya hali ya hatari. Rais aliruhusiwa kuitangaza na kupata mamlaka ya ziada, na mabaraza mawili yangeweza kuifuta kwa azimio la pamoja lisilokwenda kwa Rais. Baada ya hukumu ya 1983 kamba hiyo haikushika tena, na mwaka 1985 Kongresi ikairekebisha sheria: azimio la kufuta lipite meza ya Rais kama muswada wowote. Maana yake ni kwamba aliyetangaza hali ya hatari ndiye anayeombwa kutia saini ya kuifuta.

Februari 2019 Donald Trump alitangaza hali ya hatari ili apate fedha za ukuta wa mpakani ambazo Kongresi ilikuwa imemnyima. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kuifuta, 245 dhidi ya 182. Seneti ikaifuta, 59 dhidi ya 41, huku maseneta 12 wa chama chake mwenyewe wakimgeuka. Kwa sheria ya 1976 kama ilivyoandikwa awali, hali ya hatari ingekufa siku hiyo. Trump akapiga kura ya turufu tarehe 15 Machi. Baraza la Wawakilishi likajaribu kumshinda, likapata 248 dhidi ya 181. Wabunge wote 435 wakiwepo, theluthi mbili ni 290.

Kwa maandishi ya Katiba, Burger alikuwa sahihi. Sioni namna nyingine ya kukisoma kifungu cha 7. Kwa utabiri, White alikuwa sahihi. Waandishi wa Philadelphia walidhani kila mhimili utalinda mamlaka yake kwa wivu, na hawakutazamia bunge ambalo lingegawa yake kwa hiari mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo njia ya mkato haijafa. Kongresi imeendelea kuandika vifungu vya namna hiyo, hasa kwenye sheria za matumizi: wakala fulani asihamishe fedha kutoka fungu hili kwenda lile bila idhini ya kamati. Marais hutia saini sheria hizo na kuandika kando kwamba kifungu hicho hawakitambui. Mwaka 1984 serikali ya Ronald Reagan ilipokilalamikia kifungu kimoja, kamati ikajibu kwamba iko tayari kukifuta, pamoja na unafuu wa kuhamisha fedha uliokwenda nacho. NASA, iliyohitaji unafuu huo, iliandikia kamati barua ikipendekeza kuendelea kuomba idhini kama zamani, safari hii bila sheria. Mipango ya aina hiyo ni nadra kufika mahakamani. Mkuu wa wakala anaijua hukumu ya 1983 vizuri, lakini anajua pia kwamba bajeti yake ya mwaka ujao itapitia mikononi mwa kamati ileile, kwa hiyo anaomba kwanza.